Sikio halisikii, basi "mshipa umekufa"?

Juzi tena. Mama kaingia na binti yake wa miaka 11, hata hajakaa: "Daktari, tulishaambiwa mshipa wa sikio umekufa, tumekuja kuhakikisha tu." Sikio hilo limetoa usaha tangu mtoto ana miaka 3. Kauli hiyo inanichoma, kwa sababu watoto wengi wameishia hapo bila kutibiwa.

Nikagonga uma wa chuma wa kupimia usikivu, wa hezi 512, nikaushika mbele ya sikio. "Kidogo." Nikakigandamiza kitako chake kwenye mfupa nyuma ya sikio. Macho yakamtoka: "Huku ndiyo sana!" Nikauweka kwenye paji la uso, akasema unalia upande wa sikio bovu. Wenzangu, hatua hii ya mwisho msiiruke. Sikio lililokufa kabisa nalo huonekana linasikia kwa mfupa, kumbe linalojibu ni zima la upande wa pili. Uma ukilia upande mbovu, hitilafu iko njiani.

Njia yenyewe ni vijifupa vitatu vinavyopitisha sauti kutoka kiwambo cha sikio hadi ndani: nyundo, fuawe na kikuku. Wapo wanaosema mifupa hii inakuza sauti kama spika. Hapana! Koklea, sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti, imejaa majimaji, na sauti ya hewani ikigonga maji, karibu yote hurudi ilikotoka. Kiwambo cha sikio ni kipana takriban mara 17 kuliko kitako cha kikuku, hivyo msukumo wa eneo kubwa unabanwa mahali padogo. Nguvu haiongezeki, shinikizo ndilo linalopanda. Kandambili inapita juu ya tope, kisigino chembamba kinazama. Uzito wa mtu ni uleule.

Usaha wa miaka mingi hupenda kula mguu mrefu wa fuawe, ambao damu huufikia kwa shida. Ukikatika, sauti haivuki, ingawa mshipa upo.

Kuunga tunaunga, kwa gegedu (mfupa laini) au kiungo bandia. Lakini nimewahi kuunga masikio ya wagonjwa wawili kwa namna ileile, mmoja akasikia vizuri, mwingine hakupata kitu, na vipimo vya awali havikunionya. Kwa nini, sijui mpaka leo. Kwa hiyo mama yule sikumwahidi usikivu. Tunakausha usaha kwanza. Ameondoka na dawa ya matone, na pamba ya kupaka vaselini, azibe sikio mtoto akioga. Mafuta ya vitunguu nimemkataza kabisa.