Petroli ya oktani ya juu ikikosekana Malindi: gari la tabo lifanyweje?

Kila Disemba, watu wa bara wanapoteremka pwani kwa likizo, karakana yetu ya mafunzo hupata wageni wenye swali moja. Mtu ametoka Nairobi na Subaru yake ya tabo, au BMW, au Golf ya mwendo kasi. Amefika Malindi taa ya mafuta inawaka, na mhudumu wa sheli anamwambia, "Ile ya oktani ya juu imekwisha, bosi. Nikuwekee super?" Aweke hiyo super, yaani petroli ya kawaida, au asiweke?

Aweke. Kukwama barabarani bila mafuta ni hatari kuliko kuendesha siku mbili tatu kwa super. Ila asijaze tangi, na akishaweka aendeshe kwa adabu. Sababu zake zinataka maelezo kidogo, kwa kuwa wengi wanaoharibu injini namna hii wanaiharibu kwa mguu wa kulia, na petroli ndiyo inayolaumiwa.

Namba ya oktani haipimi nguvu ya mafuta. Lita moja ya oktani 91 na lita moja ya 98 zina nishati inayokaribiana sana. Kinachopimwa ni ustahimilivu, yaani petroli itavumilia kukandamizwa na kupashwa joto kwa kiasi gani kabla ya kujiwasha yenyewe. Kipimo hiki kilibuniwa Marekani miaka ya 1920 kwa kutumia vimiminika viwili: isooktani, ambayo haijiwashi upesi, ikapewa 100, na heptani, ambayo hujiwasha haraka, ikapewa 0. Petroli ya oktani 95 huvumilia sawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za isooktani na 5 za heptani. Basi mwenye Vitz au Probox anayelipia mafuta ya oktani ya juu akidhani atapata kasi zaidi, anatupa pesa.

Kwenye injini ya tabo mambo ni mengine. Tabo husukuma hewa nyingi ndani ya silinda, pistoni ikapanda na kuikandamiza pamoja na mafuta, kisha plagi ikatoa cheche. Kwa kawaida moto husambaa kutoka kwenye plagi kuelekea pembeni. Oktani ikiwa pungufu, mchanganyiko ulioko pembeni, ambao moto haujaufikia, hubanwa na kupata joto hadi unajiwasha wote kwa mpigo. Mawimbi ya mgandamizo yanagonga kuta za silinda, na dereva anasikia mlio kama wa changarawe kwenye kopo la bati. Mlio wenyewe si hoja. Mawimbi yale huondoa utando mwembamba wa gesi unaokinga chuma dhidi ya moto. Joto likaingia kwenye pistoni, na yakiendelea, kingo zinazoshika ringi hupasuka, gasketi ya silinda hedi huungua, na pistoni huweza kutoboka.

Magari ya sasa yana kinga. Kwenye bloku ya injini kumefungwa kitambuzi kinachosikiliza mgongano huo, na kompyuta ya gari ikiarifiwa huchelewesha cheche kidogo. Penye tabo, hupunguza pia msukumo wa hewa. Ndiyo maana dereva aliyeweka super huhisi gari limekuwa zito na mafuta yanaisha upesi kidogo. Hilo si ugonjwa, ni gari linajilinda. Lakini kitambuzi hakitabiri, husubiri mgongano uanze ndipo kiseme, na uwezo wa kompyuta kurudisha cheche nyuma una mwisho wake. Humwokoa anayekwenda taratibu. Anayekanyaga mafuta hadi sakafuni ili alipite lori kwa mwendokasi wa matatu, gari limepakia watu watano na mizigo, kompyuta huenda isimwahi.

Hapa Malindi kuna jambo jingine ambalo mgeni wa Nairobi hana habari nalo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kule ni nyepesi, mgandamizo wake ukiwa pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko wa huku. Injini isiyo na tabo inavuta hewa pungufu kule, inakandamiza kidogo, kwa hiyo inaridhika na oktani ya chini. Likifika pwani gari lilelile linashiba hewa nzito na kuanza kugonga kwa petroli ambayo halikuwahi kuilalamikia. Kwenye tabo tofauti hiyo ni ndogo, maana kompyuta hujaribu kufidia hewa ya mlimani, lakini joto halikwepeki. Wakati wa kaskazi, hewa inayoingia kwenye injini iliyosimama foleni saa nane mchana ni moto tayari, na hewa moto hukaribisha mgongano. Unyevu wa pwani husaidia kidogo kuupoza moto wa silinda, ila usiutegemee.

Kabla ya kuogopa, soma kibandiko kwenye kifuniko cha tangi, na ujue kimeandikwa kwa kipimo cha nchi gani. Hapa ndipo watu wanapotea zaidi. Ulaya na Japani hutumia kipimo cha RON, yaani oktani inayopimwa injini ikiwa haijalemewa sana. Marekani hutumia wastani wa vipimo viwili, RON na MON (kinachopimwa kwa masharti magumu zaidi), kwa hiyo namba zao huwa chini: 91 ya Marekani inakaribia 95 au 96 ya RON. Mtu aliyesoma mtandaoni kwamba gari lake linataka 91, kumbe maandishi ni ya Marekani, akafurahi na kujaza mafuta ya 91 RON, amelilisha gari chakula pungufu bila kujua. Japani nako petroli ya kawaida ni RON 89 au zaidi na ile ya oktani ya juu ni 96 au zaidi. Magari kama Subaru Impreza WRX STI na Mitsubishi Lancer Evolution ya soko la Japani yalitengenezwa kwa hiyo ya pili. Jina la super pia lisikulaghai. Zamani sheli zetu zilikuwa na regular na super. Regular ikaondoka, super ikabaki kuwa petroli ya kila mtu. Angalia vilevile kama kitabu cha gari kinapendekeza oktani ya juu au kinaiamuru. Kikipendekeza, utapoteza nguvu kidogo tu. Kikiamuru, super ni ya dharura.

Sasa uendeshaji. Ajabu ni kwamba kwenda polepole kwa gia kubwa ni kubaya kuliko injini kuzunguka kwa kasi ya wastani. Injini ikizunguka taratibu huku imelemewa, mchanganyiko hupata muda mrefu wa kupikika ndani ya silinda, na hapo ndipo hugonga. Mwenye gia za mkono ashushe gia mapema mlimani. Mwenye otomatiki asikanyage ghafla. Usivute boti wala trela. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, mguu mwepesi, safari ya Malindi hadi Mombasa, kama kilomita 120, haina shida yoyote kwa gari zima.

Kuchanganya kunaruhusiwa, na hesabu yake ni rahisi kwa kukadiria. Tuseme tangi lina lita 40 za oktani 95 nawe ukaongeza 20 za 91: jumla inakaribia 93.7. Kwa hiyo anayekwenda Lamu kwa njia ya Garsen na Witu hadi Mokowe ajaze mafuta mazuri Mombasa au Kilifi, kisha aongeze kidogokidogo tangi likifika nusu, asisubiri likauke. (Ukishavuka kwa boti kuingia Lamu mjini, hoja ya oktani imekwisha, kule ni punda, na punda hana kibandiko.) Na petroli ya chupa za kando ya njia iepuke kabisa. Iliyokaa juani kwenye mtungi huwa imepoteza zile sehemu nyepesi zinazoruka hewani, na hujui imeongezwa nini.

Mafuta ya taa yanayochanganywa kwa siri kwenye petroli ndiyo yanayotutia wasiwasi hasa. Oktani yake ni ya chini mno, na kiasi kidogo tu hushusha oktani ya petroli nzima. Ndiyo maana mwaka 2018 serikali iliyawekea ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuondoa faida ya wachanganyaji. Gari likianza kugonga mara tu baada ya kujaza, hata ukienda taratibu, usiilaumu super. Dai risiti, hifadhi sampuli kidogo kwenye chombo safi, na upeleke malalamiko EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli.

Vichupa vya kuongeza oktani vinauzwa kwa maneno makubwa. Kile kinachotangaza kuongeza "pointi 30" kwa kawaida kinamaanisha namba 3, kwa kuwa pointi moja ni sehemu ya kumi ya namba, na hata hizo hazipatikani kila mara. Vingine vina manganizi inayoacha utando mwekundu kwenye plagi. Vidonge vya nondo, vile vya kufukuza wadudu kwenye nguo, visiingie tangini. Wapo pia wenye jamaa uwanja wa ndege wanaoshauriwa watie petroli ya ndege ndogo, Avgas 100LL. Oktani yake ni ya juu kweli, lakini ina madini ya risasi, nayo madini hayo huua kitambuzi cha oksijeni na kichujio cha moshi kwenye ekzosti. Jet A-1, ya ndege za jeti, ndiyo balaa zaidi. Ile ni ndugu ya mafuta ya taa.

Ukisikia mlio ule ukiendelea hata baada ya kulegeza mguu, au taa ya injini ikipepesa, simama pembeni, zima gari, umwite fundi. Taa iliyowaka bila kupepesa inakuruhusu kufika taratibu.

Magari mawili yako nje ya maelezo haya. La kwanza ni lililobadilishwa programu ya kompyuta ili kuongeza nguvu. Aliyeibadilisha ameshatumia ile akiba ya usalama iliyoachwa na kiwanda, kwa hiyo super ndani yake ni kamari. Mwambie fundi wako akurudishie programu ya kiwandani kabla hujateremka pwani. La pili ni gari la zamani la kabureta, lisilo na kitambuzi chochote. Hilo hurekebishwa kwa mkono: fundi hulegeza distribyuta, kile kifaa kinachogawia plagi cheche, na kuirudisha cheche nyuma digrii mbili au tatu, analijaribu barabarani likiwa limepata moto, kisha anatia alama ya chaki pale ilipokuwa, ili irejeshwe siku mafuta mazuri yatakapopatikana.