Kigunduzi "kinachohimili mionzi": mionzi ipi?

Karibu kila taarifa kuhusu vigunduzi vya chembe vya silikoni ina sifa hiyo, "vinahimili mionzi", kisha tarakimu moja, basi. Kigunduzi chenyewe hakina maelezo mengi: kibamba cha silikoni kisichofika nusu milimita, kimetiwa volteji, chembe ikipita huachanisha elektroni na atomi zake, nasi tunasoma chaji hiyo.

Kinachoudhi ni ile tarakimu moja. Mionzi huua silikoni kama bati la nyumba linavyokufa: kwa kutu au kwa radi. Kutu ni zile protoni na nyutroni zinazogonga atomi na kuzing'oa mahali pake, mwaka hadi mwaka. Umeme unaovuja huongezeka, volteji inayotakiwa hupanda, ishara hufifia. Hapo tunahesabu jumla: chembe ngapi zimepita katika kila sentimita ya mraba.

Radi haijali jumla. Katika LHC, mtambo wa kuharakisha protoni wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia ya chembe mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, mwali mmoja wa protoni ulisanifiwa kubeba megajuli 362, nao huzunguka pete ya kilomita 27 mara zaidi ya 11,000 kwa sekunde. Ukipotoka kidogo tu, kigunduzi hupokea kishindo chake ndani ya mikrosekunde. Silikoni hufurika chaji na kugeuka kipitishi kwa kitambo. Volteji iliyokuwa imeenea ndani yake huangukia tabaka jembamba la oksidi na saketi za kusomea. Tabaka likitoboka, limetoboka, hata kama dozi yote ni ndogo kuliko ya mwezi mmoja wa kazi.

Ndiyo sababu CERN wana kituo cha pembeni cha kupiga sampuli kwa mapigo ya protoni, HiRadMat, kilichoanza 2011. Hupewa protoni za GeV 440 (GeV ni kipimo cha nishati ya chembe) kutoka SPS, mtambo mdogo unaoilisha LHC, kwa pigo la mikrosekunde chache tu. Sampuli za silikoni za ATLAS, mojawapo ya majaribio makubwa ya LHC, zimepigwa pale. Kuweka sampuli kwenye chanzo cha mionzi kwa majuma hakujibu swali hili, hata dozi iwe kubwa namna gani.

Basi ukiandika kwamba kigunduzi kimepimwa, taja jumla, taja pigo na muda wake, na useme kama volteji ilikuwa imewashwa. Hilo la mwisho si dogo: katika LHC wenyewe hawapandishi volteji ya silikoni hadi mwali utangazwe kuwa umetulia.