Kipera cha riwaya ya mapenzi: maana yake, na kwa nini maoni ya wasomaji hayapatani

Utanzu ni aina kubwa ya kazi ya fasihi; kipera ni tawi la aina hiyo. Neno hili wengi walilipata darasani kwenye fasihi simulizi: hadithi ni utanzu, na ndani yake mna ngano, visasili na visakale, ambavyo ni vipera. Riwaya za mapenzi nazo zina vipera vyake: za kisasa, za kihistoria, za mashaka, za majini, za kidini na kadhalika. Ila kwa msomaji anayetoa hela yake, kipera ni ahadi. Mtunzi ameitoa kwenye jalada au kwenye sehemu ya kwanza, na msomaji ameipokea. Maoni mengi makali juu ya simulizi za mapenzi, ukiyachimba, utakuta yanatokana na ahadi hiyo: ama mtunzi ameivunja, ama msomaji aliielewa vibaya tangu mwanzo.

Kwanza kuna ahadi mama, inayobeba vipera vyote. Mapenzi yamo karibu katika kila riwaya ya Kiswahili, lakini si kila riwaya yenye mapenzi ni riwaya ya mapenzi. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani kiliweka masharti mawili: kisa cha mapenzi kiwe ndio uti wa mgongo wa kitabu, na mwisho umridhishe msomaji na kumwachia matumaini. Sharti la kwanza lina jaribio jepesi. Waondoe wapenzi wawili kwenye kitabu, halafu uangalie kilichobaki. Kikibaki kisa kinachosimama, tuseme wezi wa nyavu wamekamatwa au shamba limerudi kwa mwenyewe, hiyo ni riwaya nyingine iliyotiwa mapenzi kama kiungo.

Sharti la pili ndilo linalolindwa kwa wivu zaidi. Mtafiti Janice Radway, katika kitabu chake cha 1984 kuhusu wanawake wa Marekani wanaosoma riwaya hizi, aliwakuta baadhi yao wakifungua kurasa za mwisho kabla ya kununua, ili wawe na uhakika wa kinachowasubiri. Anayeona huko ni kujiharibia uhondo hajauelewa utanzu huu. Msomaji anajua watapatana. Anachofuata ni watapatanaje.

Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria ng'ambo kidogo ya Mwanza, imetoa vitabu viwili vinavyoonyesha mpaka huo vizuri kuliko mfano wowote wa kubuni. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, ina msichana, ina wanaume, ina mapenzi na usaliti, lakini inaishia kwenye kifo. Anayeichukua kama riwaya ya mapenzi atalalamika juu ya mwisho, na lalamiko lake halitakuwa na haki, kwa kuwa kitabu hakikumwahidi harusi. Kiliandikwa kuonyesha malezi yanavyoweza kumvunja binti. Kitabu cha Aniceti Kitereza juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, alichokiandika kwa Kikerewe mwaka 1945 na kikachapishwa kwa Kiswahili 1980, kina mume na mke wanaopendana, wakwe wanaomchukua binti yao kwa sababu ndugu wa mume wanamsimanga kwa kutozaa, mume anayekwenda kumrudisha, na watoto wanaopatikana hatimaye. Masharti yote mawili yanakaribia kutimia. Wanaokikatalia jina la riwaya ya mapenzi wanasema kurasa nyingi ni za kilimo, tiba na desturi za Wakerewe, na hilo ni kweli. Hata hivyo, kwa maoni yetu, hakuna kisa cha mume na mke kupendana kilichokaza kama hicho katika mwambao wote wa ziwa.

Sasa vipera vyenyewe. Chukua wapenzi wawili wa kubuni: Nyamizi, anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, na Majura, fundi wa injini za mitumbwi kutoka Nansio, Ukerewe. Watu ni walewale. Kipera kikibadilika, kila kitu kinachowazunguka kinabadilika.

Katika riwaya ya kisasa, Nyamizi na Majura wanaishi leo, na msomaji wa Mwanza anayajua maisha yao kuliko mtunzi. Hapa ndipo maoni yanapokuwa makali kuliko penginepo. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa inavuta dagaa giza likiwa zito. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika na nyavu hukaa nchi kavu. Mtunzi akimpeleka Majura ziwani kuvua dagaa "chini ya mbalamwezi iliyong'ara", ameandika sentensi tamu, na msomaji wa Kirumba ameshaacha kumwamini. Siku zilezile za mwezi mkali ndizo ambazo wavuvi wako nyumbani, wana muda wa kwenda kuposa, kugombana na kupatana. Anayelijua hilo amepata kalenda ya kisa chake bure.

Kosa jingine la kisasa ni mgogoro ambao simu moja ingeumaliza. Nyamizi anamwona Majura na mwanamke kivukoni, analia sehemu kumi, kumbe ni dada yake. Hapo wasomaji hukasirika, na wana haki. Kizuizi cha kisasa kinapaswa kuwa kitu ambacho mazungumzo hayakiondoi: mahari isiyolipika, dini mbili, deni, mtoto wa mahusiano ya zamani, mama mgonjwa anayehitaji mtu wa kubaki naye.

Riwaya ya kihistoria huahidi wakati mwingine, na wakati huo uwe sahihi. Mtunzi akiwapeleka wapenzi hawa stesheni ya Mwanza mwaka 1920, wakapungiana mikono treni ikiondoka, ameharibu. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Akimpikia Majura sangara katika miaka ya 1930, ameharibu tena, kwa sababu sangara alipandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950. Wakati huo watu walikula ngege, furu, ningu na kamongo. Riwaya za kihistoria za Kiingereza nyingi zimewekwa katika miaka ya 1811 hadi 1820, zama ambazo mfalme alikuwa mgonjwa na mwanawe akatawala kwa niaba yake. Humo binti hakai peke yake na mwanamume asiye ndugu, na kugusana vidole wakati wa dansi ni tukio zito. Msomaji aliyezoea simulizi za kisasa huandika kwamba "wamechelewa sana kushikana". Hawajachelewa. Kipera hiki hukifanya kizuizi cha adabu ndio injini yake, na anayetaka kasi ya kisasa achague kitabu kingine badala ya kukipunguzia hiki nyota.

Za mashaka, zile zenye mauaji au utekaji, zinabeba nyuzi mbili, na zote mbili zifungwe. Muuaji akikamatwa na wapenzi wakaachwa hewani, msomaji wa mapenzi ameonewa. Wapenzi wakioana na muuaji akasahaulika, msomaji wa upelelezi ameonewa. Basi.

Kipera cha majini, yaani cha mapenzi na viumbe wasio wanadamu, kinahitaji maelezo marefu zaidi, maana ndicho kinachosafiri vibaya kuliko vyote. Ughaibuni kina wanyonya damu na watu wanaogeuka mbwamwitu, na wasomaji wanakubali bila taabu kwamba kiumbe kama huyo anaweza kuwa mume mwema. Mlete mume huyo hapa, umfanye Majura kiumbe anayepanda kutoka ziwani usiku karibu na jiwe la Bismarck, pale ufukweni Mwanza, na kumpenda Nyamizi. Msomaji wa hapa ana jina lake tayari: jini mahaba. Kwa imani ya wengi, jini mahaba humfungia mtu ndoa, humharibia mimba, humfanya amchukie kila mchumba anayekuja. Ni jambo la kusomewa dua au kuombewa. Kwa hiyo mtunzi anapodhani anaandika ndoto ya mapenzi, nusu ya wasomaji wanasoma habari za maradhi. Mwisho wenye matumaini kwa msomaji huyu ni jini kuondoka na Nyamizi kuolewa na mtu. Kwa msomaji aliyelelewa na vitabu vya wanyonya damu ni jini kubaki. Hakuna mwisho unaowaridhisha wote, na maoni yatagongana hata kitabu kiandikwe kwa ustadi gani. Kinachowezekana ni mtunzi kuonyesha upande wake mapema, katika sehemu mbili tatu za mwanzo. Kiumbe akiwa na huruma, akiomba ruhusa, akiogopa kumdhuru, msomaji anajua anaelekezwa wapi, na asiyetaka anashuka mapema.

Za kidini huweka mapenzi baada ya nikah au ndani ya uchumba unaosimamiwa. Lalamiko lake la kawaida ni mahubiri kumeza kisa, na la pili, ambalo watunzi hulidharau, ni wahusika wawili kuachwa faragha kabla ya ndoa bila kisa kuliona hilo kuwa tatizo. Msomaji wa kipera hiki hulihesabu hilo kama ahadi iliyovunjwa.

Chombezo, yaani simulizi ya mambo ya chumbani, nalo lina ubishi wake. Wengine huliita kipera, wengine hulitoa kabisa kwenye mapenzi. Kiasi cha mambo ya chumbani si kipera. Riwaya ya kisasa inaweza kuufunga mlango au kuuacha wazi, na ya kihistoria vilevile. Jaribio ni kufuta vipande vya chumbani vyote. Kisa kikisimama, na bado tunataka kujua kama Nyamizi atamkubali Majura, hiyo ni riwaya ya mapenzi yenye faragha nyingi. Kisiposimama, hilo ni chombezo, na linapaswa kuandikwa waziwazi kwamba ni la watu wazima, kwa sababu simu moja nyumbani husomwa na wengi.

Kuna jambo linalochanganywa na kipera kila siku, nalo ni mkasa wa kawaida: dada wa kazi na mtoto wa bosi, ndoa ya makubaliano, maadui wanaogeuka wapenzi, mchumba wa utotoni aliyerudi. Mkasa ni njia ya kuwakutanisha wapenzi, na unaingia katika kipera chochote. Ndoa ya makubaliano inaweza kuwa ya kisasa, ya mwaka 1930 au ya kidini. Anayesema "nimechoka na mapenzi ya kisasa" mara nyingi amechoka na bosi na dada wa kazi. Akiujua utofauti huo atapata cha kusoma.

Simulizi za kurushwa kwa sehemu kwenye simu zimeleta tatizo ambalo vitabu havina. Msomaji anatoa maoni akiwa na arosto, ile hamu kali ya sehemu inayofuata, katikati ya kisa, na mwisho bado. Maoni ya sehemu ya 12 hayawezi kusema kama ahadi mama imetimizwa. Yanaweza kusema tu kama kisa kinatembea. Kuvuta kisa kunatambulika: ajali ya ghafla, kupoteza kumbukumbu, pacha asiyetajwa hapo kabla, mimba inayodumu sehemu 60 bila kuzaliwa. Zipo pia simulizi zilizotafsiriwa na kubadilishwa majina. Bilionea anaitwa Majura lakini nje ya dirisha theluji inaanguka, na mkwe anapewa chai bila mtu kumwamkia. Hizo msomaji aziseme hivyo zilivyo.

Maoni yanayomsaidia msomaji mwingine hutaja kipera kabla ya sifa yoyote. Kisha yaseme wapenzi wanakutana wapi katika kisa. Ikipita robo nzima hawajaonana, lazima pawe na sababu. Yataje kizuizi ni nini na kama kinadumu chenyewe au kinashikiliwa kwa nguvu. Yaseme faragha ni ya kiasi gani, simulizi imeisha au bado, na mwisho ni wa aina gani, bila kufichua njia ya kufika huko. Kumkasirikia mhusika si kosa la kitabu. "Nyamizi mjinga, angemwacha siku ileile" inaweza kuwa sifa kubwa kwa mtunzi, ikiwa ujinga wake una chanzo tulichoonyeshwa. Ni lawama pale tu anapofanya jambo ambalo Nyamizi wa sehemu zilizopita asingelifanya.

"Nzuri sana mtunzi, hongera, rusha nyingine" inampa mtunzi moyo, na moyo anauhitaji, lakini anayetaka kujua anunue au asinunue haimpi kitu. Linganisha na haya, ambayo hayazidi sentensi tisa:

"Ya kisasa, Mwanza ya leo, sehemu 42, imeisha. Wanakutana sehemu ya 2. Kizuizi ni mahari: baba anataka ng'ombe 15, kijana ana injini moja ya mkopo. Kinashika vizuri hadi sehemu ya 30, halafu kinaondoka ghafla bila jasho. Hapo ilinipoa, kwa sababu Majura hakufanya lolote mwenyewe. Faragha ipo mara tatu, na mlango unafungwa. Mwisho ni wa furaha. Anayependa maneno ya sokoni na bei za dagaa ataimaliza siku mbili. Anayetaka mtu kufa kila sehemu asianze."