Homa ya West Nile: anayeileta ni mbu, si kunguru

Kunguru akionekana amekufa kando ya mtaro hapa Arua, Uganda, hakosi mtu wa kupiga kelele: "Msipite hapo, ana homa ya West Nile!" Mzoga haushikwi kwa mikono mitupu, hilo sina ubishi. Ila ugonjwa huu kwa kawaida haumfikii mtu kwa kupita karibu na ndege. Huletwa na mbu, hasa aina ya Culex, yule anayezaliana kwenye maji machafu yaliyotuama, kama hayo ya mtaroni.

Mbu humfyonza ndege mwenye virusi. Ndani ya damu ya ndege virusi huzaana sana, kiasi cha kumwambukiza mbu mwingine. Kwa binadamu na farasi havifikii wingi huo, kwa hiyo mbu akikuuma wewe mgonjwa hapati cha kumpelekea jirani.

Wapo pia wanaolaumu maji ya Nile. Maskini mto! Jina lilitokana na wilaya ya West Nile, ambako mwaka 1937 virusi viligunduliwa katika damu ya mwanamke mwenye homa. Wanaoambukizwa, takriban 8 kati ya 10 hawaoni dalili yoyote.