Simbamarara wa Ufaransa: maana ya lakabu ya Georges Clemenceau

Ukisoma habari za Vita Kuu ya Kwanza utakutana na "Simbamarara" akitajwa peke yake, bila jina lingine. Huyo ni Georges Clemenceau, waziri mkuu wa Ufaransa mara mbili: 1906 hadi 1909, kisha Novemba 1917 hadi Januari 1920. Mnyama anayekusudiwa ni yule wa Asia mwenye milia, wala si chui wetu wa madoadoa.

Lakabu hiyo ilitangulia vita. Clemenceau, daktari mzaliwa wa Vendée (1841), aliingia bungeni 1876 akawa bingwa wa kuangusha serikali. Enzi hizo, bunge likiinyima serikali kura, baraza zima la mawaziri hujiuzulu. Ndivyo waziri mkuu Jules Ferry alivyong'oka Machi 1885, habari mbaya za vita vya Tonkin (kaskazini mwa Vietnam) zilipofika Paris. Kwa hiyo kwa wengi simbamarara alikuwa mtu wa kurarua tu.

Vita ndivyo vilivyoigeuza maana hiyo. Aprili 1917 mashambulizi ya Wafaransa huko Chemin des Dames, kaskazini mwa Ufaransa, yaliua watu wengi bila ushindi, na baadaye vikosi vingi vikakataa kurudi kushambulia. Rais Poincaré hakuwa akipatana na Clemenceau, lakini Novemba alimwita aunde serikali. Clemenceau alikuwa na miaka 76. Akajitwalia na wizara ya vita, na Machi 1918 akaliambia bunge kwamba siasa yake ya ndani ni kupigana vita, na ya nje vilevile. Mwezi huohuo, Wajerumani walipovunja ngome za Waingereza, alikubali huko Doullens, kaskazini mwa Ufaransa, kwamba jenerali Mfaransa Foch aratibu majeshi ya washirika. Uamuzi huo ulizidi hotuba zake zote.

Mara kwa mara alikwenda mahandakini mwenyewe. Julai 1918, huko Champagne, askari walimpa shada la maua ya porini yaliyojaa vumbi. Alilitunza, akausia azikwe nalo, na 1929 likazikwa naye.

Upande wa pili wa tabia hiyo ni mgumu kuutetea. Aliyezungumzia amani ya maridhiano alihesabiwa karibu na msaliti. Joseph Caillaux, waziri mkuu wa zamani, alikamatwa Januari 1918.

Versailles, 1919, kwenye mkataba wa amani na Ujerumani, ndiko alikokwama. Aliacha dai la kuitenga Rhineland, eneo la magharibi mwa Ujerumani kando ya mto Rhine, na Ujerumani, ili Uingereza na Marekani ziahidi kuilinda Ufaransa. Seneti ya Marekani haikuidhinisha, na ahadi ya Uingereza, iliyofungwa kwa ile ya Marekani, ikafa nayo. (Mkataba huohuo ndio ulioinyang'anya Ujerumani Afrika Mashariki yake, ikazaliwa Tanganyika na Ruanda-Urundi.)

Januari 1920 wabunge na maseneta walipiga kura ya awali ya kumtafuta rais. Paul Deschanel alipata 408, Clemenceau 389. Akajitoa, na siku chache baadaye akajiuzulu uwaziri mkuu.