Redio ya upepo iliyogeuziwa waya za betri: usiitupe, na usiiwekee fyuzi kubwa

Redio nyingi za upepo, yaani zile za kuongea na kujibiwa, zinazoletwa karakana kwetu baada ya kugeuziwa waya, nyekundu kwenye hasi nyeusi kwenye chanya, mwenye nazo anakuja ameshakata tamaa kabisa, kumbe kilichokufa mara nyingi ni kidude kimoja tu. Naongelea zile za kufunga kwenye gari au mezani zinazotumia umeme wa volti 12, au 13.8 kama zilivyoandikwa nyuma.

Kwenye redio nyingi za hivi, pale waya wa umeme unapoingia kwenye bodi kuna dayodi, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, imefungwa kati ya chanya na hasi. Siku zote haipitishi kitu. Ukigeuza waya ndo inapitisha, tena kama shoti kabisa, umeme wote unapitia hapo na fyuzi inakatika kabla vitu vingine havijaumia. Sasa dayodi yenyewe mara nyingi inaungulia hapohapo na kubaki shoti, kwa hiyo hata ukirudisha waya vizuri, fyuzi mpya inakatika tena palepale.

Na hapa ndo watu wanaziua redio jamani. Fyuzi ya ampea 10 imekatika mara mbili, mtu anasema fyuzi za siku hizi feki, anaweka ya 30 au anazungushia waya wa shaba, basi njia za shaba kwenye bodi zinaungua na kunyanyuka. Au dayodi inapasuka, na kama waya bado zimegeuka volti zinaingia kinyumenyume kwenye kapasita (vikopo vya kutunza chaji), rigyuleta (inayotuliza volti), IC ya sauti mpaka tranzista ya kurushia, ile inayosukuma mawimbi kwenda antena. Na usijidanganye kwamba swichi ilikuwa imezimwa, kwenye redio nyingi hiyo tranzista ya kurushia imeungwa moja kwa moja na betri, swichi haiigusi.

Kwa hiyo chomoa umeme kwanza, fungua mfuniko, fuata waya nyekundu mpaka uone dayodi ilipo. Inyanyue mguu mmoja, maana ukipima ikiwa bado imeungwa kwenye bodi vitu vya jirani vitakudanganya, halafu weka multimita kwenye alama ya dayodi. Nzima ya silikoni inasoma kama 0.5 hadi 0.7 upande mmoja, ukigeuza nyaya za mita haisomi kitu. Ikikupa sifuri pande zote imekufa. Itoe kisha upime pale umeme unapoingia, kama shoti imeondoka shukuru. Weka mpya inayobeba ampea zilezile au zaidi, mstari uliochorwa kwenye dayodi uelekee chanya. Wapo mafundi wanaoitoa wanamrudishia mtu redio bila dayodi kwa sababu "inawaka", mimi hilo silikubali hata kidogo, siku waya zikigeuzwa tena hakuna kitakachoizuia.

Kabla ya kuipa betri moja kwa moja, pitisha umeme kwenye balbu ya breki ya gari ya wati 21, iungwe katikati ya waya wa chanya. Balbu haipitishi hata ampea 2, kwa hiyo ikiwaka kwa nguvu zote ujue bado kuna shoti na hujaunguza kitu kipya. Ikiwaka kwa kufifia na redio ikaamka, sikiliza sauti, angalia na kapasita zilizovimba kichwani au zilizovuja, hizo badilisha hata kama redio inaongea.

Kurusha ni mwisho kabisa. Toa balbu, rudisha fyuzi ya saizi iliyoandikwa na kiwanda, kwenye soketi ya antena funga mzigo wa kupimia (unakaa badala ya antena) wa omu 50 unaohimili wati za redio yako, anza na nguvu ndogo. Ikipokea vizuri ila ukibonyeza kitufe cha kuongelea wati hazitoki, mshukiwa wa kwanza ni ile tranzista ya kurushia, na kwenye redio nyingine ni moduli nzima ya kurushia, hapo ulizia bei yake kwanza kabla hujaanza kuing'oa.