Mwenye kamera si mgeni: dhana potofu kuhusu mpiga picha wa sura na wasanii wenzake

Siku ya kwanza nilipoingia kwenye ua wa wachoraji kule Majengo, Mombasa, nilikaribishwa vizuri. Nilipewa kiti, chai ya rangi na kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama mlangoni niwapige picha wageni wa maonyesho wakiingia. Hakuna aliyeniuliza kama na mimi nina cha kutundika ukutani. Sikushangaa sana, maana mwenyewe sikuwa na uhakika. Mimi ni wa studio: picha za pasipoti, bibi na bwana harusi, mtoto aliyetimiza mwaka.

Nimekaa nao Jumamosi nyingi tangu hapo, na haya ni maneno niliyoyasikia mle uani. Mengine nilikuja nayo mimi mwenyewe kutoka nyumbani.

“Mpiga picha wa studio ni fundi, msanii ni mwingine”

Kwanza, pwani fundi si tusi. Anayechonga mlango wa Lamu anaitwa fundi na hakuna anayemvunjia heshima kwa hilo. Kosa liko kwenye kudhani kwamba mafundi na wasanii walikuwa wakiishi mitaa tofauti.

Malick Sidibé wa Mali alisomea sanaa na ufundi mjini Bamako, akajifunza kutengeneza vito. Mwaka 1955 mpiga picha Mfaransa, Gérard Guillat, alimchukua ampambie duka lake. Alikwenda kupaka rangi, akatoka na kamera. Mwaka 2007 alipewa Simba wa Dhahabu, tuzo ya maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, kwa kazi ya maisha yake, na kabla yake hakuna mpiga picha aliyewahi kuipata tuzo hiyo. Mwenzake wa mji huohuo, Seydou Keïta, alikuwa seremala kabla ya kufungua studio mwaka 1948. Naye Samuel Fosso alifungua studio yake Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Jioni, filamu ikibakiwa na nafasi mbili tatu, alijipiga mwenyewe ili zisipotee bure, mara kavaa hivi, mara vile. Wateja walichukua za kwao wakaenda, na hizo za masalio ndizo zilizompeleka kwenye majumba ya sanaa duniani.

Hapa kwetu yupo marehemu Omar Said Bakor wa Lamu, ambaye hakuridhika na kumkalisha mtu kwenye kiti. Alikata, akabandika, akapiga tena, mpaka sura ya mteja ikachomoza katikati ya ua lililochanua. Alifanya hayo kwa mkasi na chumba cha giza cha kusafishia picha, na kompyuta hazijafika Lamu.

“Pwani hatukuwa na picha za sura, dini inakataza”

Hili huletwa na wageni, na siku hizi hata vijana wetu wanalirudia. Ni kweli kuna mjadala wa dini juu ya kuchora na kutundika sura ya kiumbe hai. Haukuanza jana wala hautaisha kesho, na zipo nyumba ambazo hutaona picha sebuleni. Lakini studio zilikuwepo, tena zilijaa. Unguja, akina Gomes walikuwa wakipiga picha tangu karne ya 19. Mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio palepale Mji Mkongwe. Mombasa kulikuwa na studio ya Parekh, ambako watu walikwenda kukaa mikao waliyoiona kwenye sinema za Kihindi.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na picha mbili alizopigwa studio kabla ya kuolewa. Zilikaa ndani ya kopo la biskuti, kopo ndani ya sanduku, chini ya kanga. Hazikuwahi kutundikwa. Wanaume wakitoka kwenda msikitini, wanawake wakibaki peke yao, ndipo kopo hufunguliwa na picha kupita mkono kwa mkono. Mimi niliziona kwa sababu nilikuwa bado mdogo, sijahesabiwa mwanamume.

Kwa hiyo suala halikuwa kupigwa au kutopigwa. Suala lilikuwa nani ataiona, na hapo ndipo sisi wa maonyesho tunapoteleza. Mtu akikubali kukaa mbele ya kamera hajakubali kuning'inizwa ukutani kwa wiki tatu mbele ya watu asiowajua. Mimi huomba ruhusa mara mbili, siku ya kupiga na siku ya kutundika. Wapo waliokubali ya kwanza wakakataa ya pili. Picha zao zimo kwenye droo, na baadhi yake ni nzuri kuliko zilizotundikwa. Basi.

“Pazia la nyuma ni pambo tu”

Muulize aliyevuka feri ya Likoni miaka ya 1990. Njiani kulikuwa na vibanda vya picha vya mbao, na ndani yake mapazia yaliyochorwa kwa mkono. Kijana aliyeshuka basi jana kutafuta kazi aliweza kusimama mbele ya meli au ndege aliyoiota, akatuma picha kwao bara. Mle ndani kulikuwa na sanaa mbili kwa bei ya moja, ya mpiga picha na ya mchoraji. Jina la mchoraji halikuandikwa popote, sawasawa na majina ya wachora mabango ya vinyozi.

Pale uani yuko mzee mmoja aliyewahi kuandika mabango ya maduka nusu ya barabara yetu. Nilimwomba anichoree pazia. Nilifikiri atataka bahari na minazi.

“Mwanangu,” akasema, “bahari iko hapo nje bure. Mteja wako akitaka bahari, mshike mkono mpeleke.”

Alinichorea ukuta. Ukuta wa chokaa uliobanduka, una dirisha moja limefungwa, juu ya kitambaa cha marekani cha mita tatu. Alipiga koti mbili za rangi nyeupe kwanza, akaziacha zikauke, ndipo akaanza kuzichafua. Kila aliyekaa mbele ya ukuta ule anaonekana kama anamngoja mtu. Sijui alijuaje. Hakunitoza pesa, aliniambia nimpigie picha michoro yake kumi na miwili. Nikaona nimepata bei ya kutupa.

“Anayejua kupiga sura, mchoro utamshinda nini?”

Huo ulikuwa ujinga wangu, wala simsingizii mtu. Sura inataka kivuli. Mwanga wangu wa studio hutoka upande mmoja, shavu moja ling'ae, la pili liingie gizani, ndipo uso unapata umbo. Nikaipiga michoro ya mzee vivyo hivyo. Ya rangi ya mafuta iling'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, upande wa kushoto umeungua kwa mwanga, wa kulia umezama. Na kwa kuwa nilisimama kwa kukisia, si sawasawa na katikati ya mchoro, fremu zote zilitoka zimebinuka.

Mchoro unataka taa mbili zinazolingana, moja kila upande, zimekaa nyuzi 45 kutoka kwenye ukuta, mwanga uenee bila kupendelea. Kamera itazamane na katikati ya mchoro, isiinamie wala isiinue kichwa. Weka kadi ya kijivu kwenye picha ya kwanza ili rangi zisikudanganye baadaye, na kichujio cha kukata mng'ao kama rangi ni ya mafuta. Ilinichukua Jumamosi tatu. Ile bei ya kutupa ilinitoka puani.

“Picha ni mali ya aliyebonyeza”

Hili linaaminiwa na wapiga picha karibu wote ninaowajua, na kwa Kenya linaweza kukuumiza. Kikundi cha pale uani kiliniagiza niwapige wanachama wote, wakanilipa. Miezi baadaye nikaziona picha zangu kwenye kipeperushi, sikuulizwa. Nikaja juu. Nikatishia.

Wakili aliyekuwa mgeni pale siku hiyo alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama tulikuwa na karatasi yoyote. Hatukuwa nayo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema kazi ikiagizwa, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kinachobaki kwa mpigaji ni haki kama ile ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake. Kumbe nilichostahili kudai ni jina langu chini ya picha, na hilo lilikuwepo, kwa herufi ndogo. Niliomba radhi, nikanunua mahamri ya watu wote.

Sasa naandika nusu ukurasa kabla ya kufungua begi: nani mwenye picha, zitatumika wapi, kwa muda gani. Ukivuka Lunga Lunga ukaingia Tanzania sheria ni nyingine, usiniige kwa upofu.

“Ukiwa na wasanii utapata wateja”

Utapata wawili watatu, wengine watataka kwa mkopo. Usiingie kwa sababu hiyo.

“Picha ya mchoraji lazima ashike brashi”

Maonyesho ya mwaka jana nilitundika kwa mara ya kwanza. Sura tisa za watu wa ule ua, hakuna hata moja yenye brashi. Mmoja alilalamika kwamba hatajulikana ni nani. Nilimwambia fundi cherehani hapigwi picha ameuma sindano. Hakucheka, lakini aliiweka brashi chini, na mikono ikakosa pa kwenda, ikatulia mapajani na rangi yake chini ya kucha. Nilipiga hapo.

Mzee wa mabango nilimpiga mbele ya ukuta wake mwenyewe, lile pazia. Yeye analala chumba cha uani kwa sababu ndiye mlinzi wetu, na maonyesho yalipokwisha aliiomba picha yake. Nilidhani atampelekea binti yake. Siku moja nilipita kabla ya adhuhuri nikaikuta imetundikwa juu ya kitanda. Adhana ilipoanza alinyanyuka, akaigeuza ikatazama ukuta, akatandika msala. Alipomaliza kuswali akaigeuza tena, akarudi nyuma hatua mbili kuangalia kama imenyooka.